Mfuko umeandikwa protini 18%, mbona mbwa wangu hanawiri?

*Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume wa miezi mitano, mchanganyiko wa German Shepherd na wa mitaani. Nilikuwa nampa ugali na dagaa, mke wangu akaichoka ile harufu jikoni, nikahamia chakula cha dukani. Napimiwa kwa kilo kutoka mfuko mkubwa, punje za nyekundu, kijani na njano. Muuzaji alinionyesha mfuko umeandikwa protini 18%. Anakula vizuri, lakini anajisaidia mara nne hadi tano kwa siku na manyoya yamekauka. Jirani anashauri nimuongezee unga wa mifupa. Je, hiki ni chakula kweli, au nanunua pumba kwa bei mbaya?*
*Msomaji, Tegeta, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na jirani: mshukuru, ila huo unga wa mifupa usimpe. Mbwa wa mbegu kubwa akiwa bado anakua, kalsiamu ikizidi inamharibia mifupa na viungo.

Sasa huo mfuko. Ile 18% imehesabiwa pamoja na maji yaliyomo kwenye punje. Chakula kikavu huwa na unyevu wa karibu 10%, kwa hiyo gawanya 18 kwa 90, unapata 20% ya chakula chenyewe. AAFCO, chombo cha Marekani ambacho viwango vyake vinafuatwa na watengenezaji wengi, kinataka protini isipungue 18% kwa mbwa mzima na 22.5% kwa anayekua. Chakula hicho kinamtosha baba yake, si yeye. Hesabu hiyohiyo inakitetea chakula cha kopo: protini 8% inatia aibu ukiisoma hivihivi, lakini kama 80% ya kopo ni maji, 8 kwa 20 ni 40%.

Hata hivyo tarakimu isikubabaishe. Kwa kawaida maabara haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, halafu inazidisha kwa 6.25. Mwaka 2007 wajanja waliutumia mwanya huo. Gluteni ya ngano kutoka China ilitiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki iliyojaa naitrojeni, na ikaishia kwenye chakula cha mbwa na paka huko Marekani na Kanada. Kwenye karatasi protini ilikuwa imetimia. Wanyama wakafa kwa figo.

Ndiyo maana mimi nasoma orodha ya viungo, halafu naangalia kinyesi. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Orodha ikianza na mahindi, ikafuata pumba ya ngano, nyama ikachungulia huko chini, basi unajua unachokilipia. Na haja ya mara tano kwa siku inaonyesha kwamba huenda sehemu kubwa ya chakula inapita tu. Zile rangi zimewekwa kwa ajili yako mwenye pochi. Mbwa hata nyekundu na kijani hazitofautishi vizuri.

Kilichonishtua zaidi ni hapo uliposema unapimiwa. Mfuko ukikaa wazi dukani kwa joto la Dar, mafuta yanachacha na vitamini zinapungua. Punje zikipata unyevu, kuvu inaota, na sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kuanika juani. Ini la mbwa haliihimili. Mwishoni mwa 2020 chakula cha Sportmix kiliondolewa sokoni Marekani kwa sababu hiyo, baada ya mbwa kadhaa kufa, na hiyo ilikuwa mifuko iliyofungwa kiwandani. Wewe hujui wako ulifunguliwa lini, wala kama ulichopimiwa kilitoka kwenye mfuko ulioonyeshwa! Nunua mdogo uliofungwa, wenye tarehe, ulioandikwa kuwa ni wa mbwa wanaokua wa mbegu kubwa.

Dagaa usiwadharau. Ubaya wa chakula cha nyumbani mara nyingi ni vipimo: sufuria ya ugali, kiganja cha dagaa. Unga wa mahindi una protini ya 8% au 9% hivi, tena si ya kumtosheleza mbwa. Ukishapata punje zinazomfaa, dagaa wawe kionjo tu, wasizidi sehemu moja ya kumi ya mlo. Waoshe mchanga, wachemshie nje (mama ana haki yake), na kitunguu usitie kabisa, kinaharibu damu ya mbwa. Chakula kipya changanya na cha zamani kidogokidogo kwa wiki nzima, la sivyo ataharisha. Lakini hicho cha zamani kikiwa na harufu ya kuvunda, kitupe leo.

Kabla ya yote, mpeleke apimwe kinyesi. Manyoya kukauka ni dalili ya minyoo pia, na barua yako haisemi alipewa dawa lini. Hukohuko ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa kama bado hajaipata. Kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu.