Maswali na Majibu: Aliyeuliza hadharani umemfichia nini?

Nimeweka kwenye kurasa zangu za biashara za Facebook na Instagram programu ya kujibu komenti kwa siri. Mtu akiandika "bei?", inamtumia bei inboksi papo hapo. Mbona mauzo hayapandi?

Kwa sababu umejibu mtu mmoja na kuwanyima wengine wote. Aliyeandika "bei?" ni yule mwenye uthubutu. Nyuma yake wapo waliokuwa na swali hilohilo, wakashuka kwenye komenti kutafuta jibu, wakakuta "njoo inboksi", wakaondoka zao. Hao hutawajua kamwe, maana hawakuandika kitu. Bei si siri ya ndoa. Iandike kwenye posti, kisha hiyo programu iachie mambo yanayostahili faragha: namba ya oda, namba ya simu, mahali pa kupeleka mzigo. Najua utasema unaogopa washindani wasione bei yako. Washindani wana akaunti kama wateja, wanaweza kuuliza inboksi vilevile.

Ujumbe wa kwanza unaenda, wa pili unakataliwa. Programu ni mbovu?

Programu ni nzima, hukusoma masharti. Kwenye Facebook na Instagram, komenti moja inakupa ujumbe mmoja tu wa faragha, tena ndani ya siku 7 tangu iandikwe. Akikujibu, ndipo mlango unafunguka, na unabaki wazi kwa saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho. Asipojibu, yameisha. Sasa angalia wewe ulivyoutumia huo mmoja: "Habari, karibu sana!" Umepewa kauli moja ukaimalizia kwenye salamu. Weka jibu lenyewe humo, kisha funga kwa swali jepesi ambalo mtu atajibu kwa neno moja.

Wateja wa Instagram wanasema hawaoni ujumbe wangu.

Asiyekufuata, ujumbe wako unaweza kumwangukia kwenye maombi ya ujumbe, na huko wengi hawachungulii. Mjibu pia pale kwenye komenti: "Nimekuandikia, angalia kwenye maombi."

Naweza kuitumia kumwandikia kila aliyeweka "like"?

Hapana. Like si swali.

Programu niliyoipata inaomba neno langu la siri la Facebook. Nimpe?

Kila mara lazima swali hili lije, na kila mara jibu ni lilelile: USIMPE. Programu halali inakupeleka kwenye ukurasa wa Facebook wenyewe, unaingia huko, unaonyeshwa ruhusa zinazoombwa, unakubali au unakataa. Neno la siri hailiombi wala hailihitaji. Na wewe uliyekwisha kulitoa, acha kusoma hapa, nenda ukalibadilishe kwanza. Halafu ingia kwenye mipangilio, uondoe programu zote ulizowahi kuziruhusu ukazisahau. Zile zinazosoma inboksi yako zinasoma pia mambo ya wateja wako, na wao hakuna aliyewauliza.

Nimepanga neno "nunua": komenti ikiwa nalo, programu inatuma "Asante kwa kununua kwetu, oda yako iko njiani". Jana imemtumia mtu aliyekuwa analalamika. Ilikuwaje?

Bila shaka aliandika "sitanunua tena kwenu". Hizi programu nyingi zimetengenezwa na watu wanaofikiri kwa Kiingereza, ambako kukanusha kuna neno lake pembeni. Kwetu ukanusho umejificha ndani ya kitenzi: nitanunua na sitanunua zimepishana herufi moja, na mashine inayotafuta "nunua" inaziona ni ndugu. Ukiiagiza itafute neno kamili badala ya kipande, itakukosesha ninanunua, tungenunua na wananunuaje. Kwa hiyo nomino ni salama kuliko kitenzi: oda, saizi, rangi. Hata hizo si kinga. "Oda yangu iko wapi wiki ya tatu hii" nayo ina oda. Ndiyo maana ujumbe wa kwanza usishangilie wala kushukuru chochote. Uulize tu: "Tumeona komenti yako kuhusu oda. Unaagiza, au unafuatilia?" Hapo hata mwenye hasira anajibika.

Na huyo wa jana mwandikie kwa mkono wako mwenyewe, leo.

Akilalamika mtu tunamvuta inboksi, tukishamalizana tunaifuta komenti yake. Kuna ubaya?

Upo. Ataandika ya pili, safari hii na picha ya skrini. Mjibu hadharani kwa sentensi moja, maliza naye faraghani, kisha mwombe yeye mwenyewe arudi aseme yameisha. Akikataa kurudi, basi hayajaisha.

Laivu ya Instagram ikimalizika, naweza kuwajibu kwa siri waliokomenti?

Hapana, ni wakati laivu inaendelea tu. Weka mtu wa pili akae na simu.