Shangazi, karatasi inakatika ninapoikunja

*Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu anaolewa mwezi wa kumi na mimi nimepewa kupamba meza ishirini. Maua ya dukani siyawezi, na pesa ya kamati imeishia kwenye ukumbi. Nimeanza kukunja maua kwa kurasa za vitabu vya marehemu baba, aliyekuwa mwalimu. Tatizo la kwanza, petali zinakatika kwenye mkunjo, tena upande mmoja tu. La pili, mama alinikuta nachana kitabu, hakusema nami siku nzima. Nifanyeje?*
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa harusi. Naanza na mama, maana karatasi inaweza kusubiri.

Baba yangu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Nimekulia kwenye nyumba iliyonuka gundi ya unga wa ngano, na sindano yake ya kushonea kurasa ninayo hadi leo. Kwa hiyo namwelewa mama yako. Yeye hakuona karatasi ikichanika, alimwona mumewe. Kaa naye sakafuni, mtoe vitabu vyote, mviangalie kimoja kimoja. Chenye mwandiko wa baba pembeni mwa ukurasa kisiguswe, hata kama ni cha hesabu za darasa la nne. Kitabu cha dini kisiguswe. Vile vya Kiswahili vya zamani, kwa mfano vilivyotolewa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, kaviulizie kwanza maktaba ya mkoa, kwani vingine havipatikani tena. Mtakavyobaki navyo ni vya kiada vilivyoachwa na mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024, vilivyoliwa na mchwa, na vile vyenye nakala mbili.

Halafu mwambie hesabu hii. Ukurasa wa kitabu cha kawaida cha A5 una upana wa sentimita 14.8 na urefu wa 21. Ukichukua miraba ya sentimita 7, karatasi moja inatoa sita, na zile milimita nane zinazobaki ni za kukatia kwenye mgongo wa kitabu. Ua moja linataka petali tano. Meza ishirini, maua saba kila meza, ni maua 140, yaani petali 700. Zinatoka kwenye karatasi 117. Kitabu kimoja cha kurasa 240 kina karatasi 120. Harusi nzima inakula kitabu kimoja, mwanangu! Mwache mama akichague yeye.

Sasa hiyo karatasi. Vitabu vya bei nafuu huchapwa kwa karatasi ya mti uliosagwa, na ndani yake inabaki lignini, ile inayofanya ukurasa ugeuke njano. Nyingi za zamani zina asidi pia kutokana na shabu iliyotiwa kiwandani ili wino usisambae. Asidi hiyo hukata nyuzi polepole miaka yote kitabu kikiwa rafuni. Kabla ya kuchana chochote, chukua kona ya ukurasa wa katikati, ikunje mbele, ibane, irudishe nyuma, ibane. Ikikatika kabla ya mara ya tano, kirudishe kitabu hicho mahali pake. Hakikunjiki.

Kuhusu upande mmoja tu kukatika, umeona vizuri, na nimefurahi umeliandika hilo. Nyuzi za karatasi zina mwelekeo. Kitabu kilichotengenezwa vizuri, nyuzi zake hulala sambamba na mgongo. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakuja laini, ukizikata njiani unapasuka. Petali yako, ukishapandisha zile kona mbili, mkunjo wa kushoto unafuata nyuzi na wa kulia unazikata, au kinyume chake. Ndiyo maana. Miezi hii hewa ya kwenu ni kavu, na karatasi kavu haina huruma. Tandaza kurasa kwenye beseni, funika juu kwa kanga iliyokamuliwa sana, isiguse karatasi, uziache saa moja. Zitalegea. Na usikwaruze mkunjo kwa ukucha, pitisha mgongo wa kijiko.

Kwa wengine wanaosoma, petali inakunjwa hivi. Kunja mraba kona kwa kona upate pembetatu. Pandisha kona mbili za chini zikutane na ya juu. Kila bawa likunje kurudi nje, ukingo wake ulingane na ukingo wa nje, kisha lifungue kama mfuko ulilaze. Ncha inayochomoza ishushe, bawa likunje katikati palipokwisha kuwa na alama. Paka gundi bawa moja uliunganishe na lenzake bila kuliminya, ibaki tundu kama karatasi ya muuza karanga kabla hajamimina. Gandisha tano kwa migongo, ua limetoka. Wajapani wakiunganisha maua kumi na mawili ya namna hii wanapata mpira mzima, kusudama. Zamani jina hilo lilikuwa la mafungu ya mimea ya dawa na manukato yaliyoning'inizwa ndani ya nyumba.

Gundi iwe nyeupe ya mbao, kiasi cha ncha ya njiti ya kiberiti, ubane kwa kibanio cha nguo dakika moja au mbili. Shina ni chelewa. Nunua ufagio mpya, uuchambue, uzungushie kila chelewa utepe mwembamba wa ukurasa huohuo. Mkono uliozoea unatumia kama dakika kumi kwa ua, yaani saa ishirini na tatu kwa yote. Usikae peke yako. Waite mashangazi, na mama mpe kazi ya kukunja.

*Shangazi, maua yangu ya kurasa niliyoweka dirishani yamegeuka njano miezi mitatu tu, na mende wanayatafuna. Nilitumia uji wa unga.*
*Msomaji, Mombasa*

Mwanangu, mende wanafuata uji. Gundi ya unga tuiachie mapambo ya siku moja. Njano ni kazi ya jua na ile lignini niliyoitaja hapo juu. Safari nyingine, kabla ya kukata, chovya kurasa kwenye chai ya rangi iliyopoa, uzianike kivulini zikiwa zimelala juu ya taulo. Zitakuwa na rangi ya hudhurungi tangu mwanzo, na jua likizidisha kidogo hutaona. Na chombo kihamishie ukuta wa ndani.