Serikali zikikamata bitcoin za wahalifu zinaenda wapi? Mimi nilidai zangu, haya ndo niliyopitia

Wakuu salaam. Kuna mkuu jana kauliza: mjomba wake aliweka hela kwenye mradi wa kripto (hela za kidijitali kama bitcoin), wenye mradi wakakamatwa huko nje, sasa anataka kujua zile bitcoin serikali inazifanyia nini, inazila au kuna siku mjomba ataona chochote. Wengi mmemjibu asahau. Mimi hiyo njia nimeipita mwenyewe kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu, maana kuna watu wanapoteza haki yao kwa kuambiwa tu wasahau.

Kwanza, kukamata bitcoin siyo kama kukamata gari ukaliburuza mpaka kituoni. Bila funguo, yaani ile namba ya siri inayoruhusu kuzihamisha, huna kitu. Ndo maana Oktoba 2013 FBI, wapelelezi wa Marekani, walipomfuata Ross Ulbricht, yule mwenye Silk Road, soko la mtandaoni la madawa ya kulevya, walimvizia maktaba ya San Francisco mpaka laptopu ikawa wazi mbele yake, wakainyakua kabla hajaifunga, na kwenye ile laptopu wakapata bitcoin zaidi ya 144,000. Kuna mwingine anaitwa James Zhong, huyu aliichota Silk Road yenyewe bitcoin kama 50,000 mwaka 2012 akakaa nazo miaka karibu tisa, Novemba 2021 wakaingia nyumbani kwake Georgia wakakuta nyingine ziko kwenye sefu iliyochimbiwa sakafuni, nyingine kwenye kikompyuta kidogo kilichofichwa ndani ya kopo la bisi, chini ya mablanketi, kwenye kabati la bafuni. Wakishapata funguo wanazihamishia kwenye waleti (pochi ya kidijitali) ya serikali, na hapo zinakuwa zimeshikiliwa tu. Kushikiliwa na kutaifishwa ni vitu viwili tofauti, hapo katikati kuna mahakama, na hapo katikati ndo wewe uliyeibiwa unapata nafasi ya kusema chochote.

Zikishataifishwa, Marekani miaka yote walikuwa wanapiga mnada kupitia US Marshals, maafisa wao wa mahakama. Mnada wa kwanza wa mzigo wa Silk Road ulikuwa Juni 2014, bitcoin 29,656, mtu ukitaka kushiriki unaweka kwanza dola 200,000, na tajiri mmoja Tim Draper akabeba zote. Bei ya wakati ule ilikuwa juu kidogo ya dola 600 kwa moja. Kufika Novemba 2015 zile nyingine za Ulbricht nazo wameshazimaliza kuuza. Machi 2025 ndo Trump akasaini amri kwamba bitcoin zilizotaifishwa zisiuzwe tena, ziwekwe akiba, ila amri hiyohiyo imeacha mlango wa kuwarudishia waathirika wanaojulikana na wenye uthibitisho. Hayo maneno, wenye uthibitisho, yashikeni, nitayarudia.

Sasa yangu. Agosti 2017 niliingiza bitcoin 0.6 kwenye mradi ambao jina sitalitaja, uliahidi faida ya kila siku. Bitcoin moja ilikuwa kama dola 4,000, kwa hiyo niliweka kama dola 2,400, kwa shilingi ni milioni tano na kitu, ilikuwa hela ya kiwanja Kisesa na mke wangu alikuwa anajua ni ya kiwanja. Shemeji yangu naye akaniamini akaweka kupitia mimi, kidogo kuliko yangu. Miezi michache mbele tovuti ikafungwa, grupu la Telegram likafungwa, kimya.

Miaka ikapita. Siku moja ikaja imeli ya kiingereza kwamba serikali ya Marekani imekamata mali za wale watu na aliyepata hasara ajaze fomu. Mimi nikajua ni matapeli wa awamu ya pili, maana tayari kuna mtu alishanitafuta anataka asilimia 10 kwanza ndo "aokoe" hela yangu. Sikubonyeza kitu. Nikaenda mwenyewe kwenye tovuti ya wizara yao ya sheria, ile anwani inaishia na .gov, nikatafuta namba ya kesi, nikaikuta ipo na maelekezo yaleyale. Na kikubwa, hakuna mahali wameomba hata senti moja. Mtu akikwambia utoe hela ndo urudishiwe hela, huyo ni mwizi, mkimbie.

Fomu haikuwa ngumu kuisoma, ilikuwa ngumu kuijibu. Wanataka tarehe uliyotuma, kiasi, namba ya muamala, imetoka waleti gani kwenda waleti gani, na ushahidi kwamba ni wewe. Mimi miaka ile nilikuwa natumia Tecno ambayo ilishapasuka kioo na betri imevimba, ilikuwa kwenye droo na chaja mbovu. Nikaipeleka kwa fundi pale Rwagasore, akabadilisha kioo, akaweka betri nyingine, akahangaika na sehemu ya chaji kama masaa mawili, ilivyowaka mkono ulikuwa unatetemeka wakuu. Skrinishoti zipo. Nikakaa palepale kwenye benchi la fundi naiandika ile namba ndefu ya muamala kwenye karatasi, herufi kwa herufi, fundi ananisomea mimi naandika, alafu nikaiingiza kwenye tovuti ya kuangalia miamala ya bitcoin na ikatokea, tarehe ileile, saa ileile, 0.6 imeenda. Miaka yote ile ilikuwa pale wazi dunia nzima inaweza kuiona. Nyumbani nina kauntabuku niliyoandika siku ile, "nimetuma leo" na kiasi, nayo nikaipiga picha nikaambatanisha.

Shemeji hakuwa na kitu. Alinipa hela mkononi, mimi nikanunua na kutuma kwa waleti nyingine ambayo sikuikumbuka tena. Tulijaza ya kwake pia kwa maelezo matupu, ikakataliwa, ndo yale maneno niliyosema myashike, wenye uthibitisho. Hilo bado linaniuma kuliko langu.

Jibu langu lilikuja baada ya mwaka na miezi saba. Wamekubali hasara yangu, lakini wameandika dola 2,400, hawajaandika bitcoin 0.6. Utaratibu wao ni kwamba hasara inahesabiwa kwa thamani ya siku uliyopoteza, hamna riba, hamna faida ambayo ungepata. Alafu kilichopatikana hakikutosha watu wote so kila mtu kapewa fungu, mimi ikaingia dola mia tisa na kitu. Wakati inaingia bitcoin moja ilishapita dola 60,000. Pigeni hesabu ya 0.6 wenyewe, mimi nilishaipiga usiku mmoja na sikulala.

Ndo maana nasema swali la mkuu linabidi liulizwe vingine: zinahesabiwa kwa bei ya siku gani, na ile nyongeza inakuwa ya nani? Hapo kila nchi na lake. Sweden waliwahi kutaifisha bitcoin 36 za muuza madawa, mwendesha mashtaka akaandika thamani kwa hela ya kwao badala ya kuandika bitcoin zenyewe, bei ikapanda, walipokuja kuuza bitcoin 3 tu zikatosha kile kiasi kilichoandikwa na 33 wakamrudishia mfungwa. Ujerumani, jimbo la Saxony, walipokea karibu bitcoin 50,000 za kesi ya tovuti ya filamu za wizi Movie2k, wakaziuza zote Juni na Julai 2024 hata kesi haijaisha, hoja yao bei inayumba mno na mali ya namna hiyo sheria inaruhusu iuzwe haraka. Walipata kama euro bilioni 2.6, na miezi mitano tu mbele bitcoin moja ikavuka dola 100,000. Siwalaumu sana kwa kweli, ingeshuka tungewasema hivyohivyo.

Kubwa kuliko zote kwangu ni ya Uingereza. Polisi wa London walikamata bitcoin 61,000 za mama mmoja Mchina, Zhimin Qian, hela aliyowatapeli watu zaidi ya 128,000 kule China kati ya 2014 na 2017, wengi wazee na akiba zao. Novemba 2025 kafungwa miaka 11 na miezi 8. Kufika hapo zile bitcoin zilikuwa zimepanda, thamani yake imezidi hela waliyopoteza wale wazee, na mvutano ukawa ni nani achukue kilichozidi. Mimi msimamo wangu uko wazi, nyongeza ni ya aliyeibiwa. Bitcoin zile zilinunuliwa kwa hela yake, serikali haikuweka hata senti.

Na inawezekana, msiseme haiwezekani. Bitfinex, soko la mtandaoni la kununua na kuuza kripto, liliibiwa bitcoin karibu 120,000 mwaka 2016, Marekani wakakamata kama 94,000 mwaka 2022, na Januari 2025 mahakama ikaamuru zirudi kama bitcoin, siyo kama dola za 2016. Tofauti na sisi ni kwamba zile zilikuwa bitcoin zilezile zilizoibiwa, zinafuatika moja kwa moja mpaka kwa mwenyewe, wakati za kwetu wadogo zilichanganywa na za maelfu ya watu.

Kwa hiyo mkuu, kwa mjomba wako: tafuteni kesi iko mahakama ya wapi na namba yake, mwangalie tarehe ya mwisho ya kudai maana ikipita imepita, na fomu ajaze kwa jina lake yeye, siyo lako. Kama alitumia simu ya zamani asiitupe wala asiiuze hata kama haiwaki, na kama alilipia kwa M-Pesa aombe taarifa za miamala ya mwaka ule mapema. Hela ikifika benki watamuuliza imetoka wapi, mimi niliulizwa nikawapelekea ile barua ya Marekani, ikapita siku ya pili. Akikwama kwenye fomu niandikie inbox, nitakaa naye kipengele kwa kipengele.