Kripto: ya kulipia au ya kuweka?

Umeuliza kama kripto, yaani sarafu za kidijitali kama Bitcoin, itakuja kuwa pesa ya matumizi au itabaki akiba tu. Kwanza usizitie zote kapu moja.

Bitcoin ya kununulia vitu vya kila siku, mimi sioni. Bloku, yaani fungu la miamala iliyothibitishwa, hutoka kila baada ya dakika 10 hivi, na mtandao wenyewe unamudu miamala kama 7 tu kwa sekunde. Lightning, mtandao wa malipo uliojengwa juu ya Bitcoin, inaharakisha, sawa, lakini kasi siyo shida kubwa. Nani atakubali kutoa leo kitu anachoamini kesho kitapanda bei? El Salvador waliifanya fedha halali mwaka 2021, raia wengi hawakuishughulikia, na mwaka 2025 sheria ikalegezwa: mfanyabiashara halazimiki tena kuipokea.

Kama akiba, hapo ina hoja. Bitcoin zote hazitazidi milioni 21, na hakuna serikali ya kuchapisha nyingine. Ila uhaba hauzuii bei kuporomoka: Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ikashuka chini ya 16,000. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa mwezi ule angefanyaje?

Malipo nadhani yatabebwa na sarafu thabiti, zile zinazofungwa kwenye thamani ya dola, hasa kutuma pesa nje ya nchi. Nazo usiamini jina tu. TerraUSD ilianguka Mei 2022 kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na dola. Kilichoishikilia ni Luna, sarafu nyingine ya watu walewale! Kabla hujapokea, uliza akiba ya dola inayoishikilia iko wapi na nani anaikagua.