Swali: Kiberiti kimewaka ndani ya tangi, je, tushuke?

Swali. Shikamoo mwalimu. Mimi ni serahangi, kiongozi wa mabaharia wa deki, kwenye meli ya mizigo mchanganyiko. Njia yetu ni Mombasa, Zanzibar, Salalah na Sohar. Kampuni imetuletea mwongozo mpya wa kuingia kwenye matangi na vyumba vilivyofungika, lakini faili la zamani bado liko palepale kwenye rafu. Chifu ofisa anasema huo mpya ni ushauri tu wa IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, si sheria. Kwake yeye, tangi likiachwa wazi saa mbili, kiberiti kikawaka ndani na pua isisikie harufu, hewa ni nzima. Na mtu akijisikia vibaya atapanda ngazi atoke. Vijana nao wana desturi ya kunywa maziwa kabla ya kushuka. Mita yetu inapima gesi nne, mwongozo mpya unataka na kabonidayoksaidi. Tufuate lipi?

Jibu. Marahaba, serahangi. Fuateni mpya, na faili la zamani litoke kwenye rafu leo hii.

Chifu ofisa wako ana nusu ya haki. Azimio la IMO la Juni 2025, lililochukua nafasi ya lile la 2011, kwa jina ni mapendekezo. Ila kanuni za ISM za usimamizi wa usalama wa meli, ambazo ni lazima, zinaitaka kampuni iyazingatie mapendekezo hayo inapopanga mfumo wake wa usalama, na zinataka nyaraka zilizopitwa na wakati ziondolewe mara moja. Meli yenye maelekezo mawili ya kazi moja ni meli isiyo na maelekezo, maana kila mtu atachagua lile lenye kazi ndogo. Halafu yapo mawili yaliyomo ndani ya SOLAS yenyewe, mkataba wa usalama wa maisha baharini: tangu Januari 2015, zoezi la kuingia na kuokoa kwenye vyumba vilivyofungika kila miezi miwili, na tangu Julai 2016, meli kuwa na mita ya kubebeka inayopima oksijeni, gesi zinazowaka, kabonimonoksaidi na haidrojeni salfaidi. Mita yenu ya gesi nne ndicho kiwango cha chini kabisa.

Ya sheria yatoshe. Kilichonikalisha kuandika ni ile kauli ya “akijisikia vibaya atapanda ngazi”. Naisikia kila kozi, kwa kijana wa siku ya kwanza na kwa nahodha mwenye mvi, na kila nikiisikia mwili unanisisimka.

Serahangi, mwili wa binadamu hauna kengele ya kukosa oksijeni. Kule kubanwa kifua na kutamani pumzi huletwa na kabonidayoksaidi inayojikusanya kwenye damu. Ndani ya tangi ambalo kutu imeshakula oksijeni, wewe unaendelea kupumua na kuitoa kabonidayoksaidi yako kama kawaida, kwa hiyo kifua kimetulia na hubanwi na kitu. Wapiga mbizi wetu wa majongoo bahari wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: mtu akihema haraka haraka juu ya maji kabla ya kuzama, huko chini hamu ya kupumua haimjii, na ghafla anazimika kama taa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 6, pumzi moja au mbili zinatosha kumwangusha mtu, kwa sababu mapafu yanaacha kuingiza oksijeni kwenye damu na kuanza kuitoa. Hiyo ngazi anayotegemea chifu ofisa, mtu hatashika hata kipago cha kwanza.

Sasa kiberiti. Desturi hii imetoka visimani, ambako wazee walitangulia kushusha kibatari kwa kamba, kikizimika hawashuki. Siwalaumu, hawakuwa na mita. Nyinyi mnayo. Moto wa mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mpaka oksijeni ishuke karibu na asilimia 16, wakati mita nyingi zimewekwa kupiga kelele kwenye 19.5. Kabonimonoksaidi ya kumuua mtu haimzuii kiberiti kuwaka. Na kama humo ndani kuna mvuke wa rangi au wa mafuta, kiberiti hicho ndicho kitakachowapa habari, nanyi hamtabaki wa kuisimulia. Harufu nayo ni vilevile: kabonimonoksaidi haina harufu, na ile haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, ikizidi inaiua pua kwanza. Baharia anasema “harufu imeisha”, kumbe pua ndiyo iliyokwisha.

Maziwa yanakwenda tumboni. Gesi inakwenda mapafuni na kwenye damu, ambako kabonimonoksaidi inaishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hapo maziwa yanafanya kazi gani? Wanywe wakitaka, kwa chai. Na wale wanaowauzia vijana barakoa za chujio pale getini wakisema “hizi za gesi”, wafukuzeni. Chujio linachuja kilichomo hewani. Oksijeni ambayo haimo haliwezi kuitengeneza.

Kuhusu kabonidayoksaidi, fanya hesabu uone kwa nini imeongezwa. Chukua chumba ambacho asilimia 5 ya hewa yake imekuwa kabonidayoksaidi, labda imetoka kwenye shehena iliyoanza kuoza au kwenye mtungi wa zimamoto unaovuja. Kiasi hicho kinamchanganya mtu akili na kinahatarisha maisha yake. Lakini oksijeni imesukumwa kidogo tu, kutoka 20.9 hadi karibu 19.9. Kengele ya 19.5 haikulia, gesi zile tatu nyingine hazipo, mita inaonyesha kijani kitupu, na mtu wenu anaingia kwenye sumu akiwa na kibali kilichosainiwa. Kwa hiyo andika maombi ya mita yenye kabonidayoksaidi, mpelekee nahodha, nakala kwa mteule wa usalama wa nchi kavu ambaye ISM imempa njia ya moja kwa moja hadi kwa wakubwa wa kampuni. Mpaka ifike, penye shehena ya kuoza au mitungi ya zimamoto hamuingii. Mkiwa mabaharia watano au zaidi, mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019, unataka meli iwe na kamati ya usalama. Lipelekeni na huko liandikwe.

Ila mita nayo isiwe hirizi. Niliwahi kupanda meli moja iliyokuwa imetia nanga nje ya bandari, nikaonyeshwa kibali cha kuingia tangi la maji ya kusawazisha. Kimejazwa vizuri, mwandiko mzuri: juu 20.9, kati 20.9, chini 20.9, saa tatu asubuhi. Nikaenda deki kuliangalia tangi lenyewe. Nati za mfuniko zilikuwa bado na rangi juu yake, rangi nzima isiyo na ufa, kama ilivyotoka kwenye brashi. Hakuna spana iliyogusa pale kwa miezi. Waliopima walipimia mezani, na chai pembeni. Nikiulizwa nani ni hatari zaidi, yule mwenye kiberiti au huyu mwenye kalamu, nitamtaja wa kalamu, kwa sababu wa kiberiti angalau alifungua mfuniko.

Kupima ni kusimamisha feni kama dakika 10, kisha kushusha mpira wa kunyonyea hewa kutoka nje, juu, kati na chini, na kila mahali kungoja mpaka hewa ya pale ipande yote ifike kwenye mita. Mpira mrefu unachukua muda. Wanaopima kwa haraka hupima hewa ya deki iliyobaki ndani ya mpira, wakafurahi.

Jambo jingine mwongozo mpya umelikazia, na naona watu wanalipita: vyumba vya jirani. Mnajua holdi, yaani chumba cha shehena, lenye mbata, makaa, mbao mbichi au chuma chakavu linakula oksijeni. Je, ile ngazi iliyozibwa pembeni ya holdi? Stoo ya omoni inayopakana na chumba cha mnyororo wa nanga, mlango wake haukazi? Hewa haisomi majina ya milango. Ndiyo maana sasa meli inatakiwa kuwa na rejista yake yenyewe ya vyumba vyote vya aina hii. Muiandike kwa kuzunguka meli na tochi. Msinakili ya meli dada.

Na kuna wanaokufa wakiokoa. Septemba 2007, Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, kwenye meli iitwayo Viking Islay, mnyororo wa nanga ulikuwa unagongagonga. Baharia mmoja akaingia chumba cha mnyororo aufunge, akaanguka. Wa pili akamfuata, akaanguka. Wa tatu akavaa kifaa cha kupumulia chenye mtungi, jambo sahihi, lakini tundu la mlango halikumpitisha na mtungi mgongoni. Akauvua, akavaa kile kifuko cha kujiokolea, ambacho kimetengenezwa kwa mtu anayekimbia kutoka kwenye moshi, si kwa anayeingia. Kikamtoka kichwani humo ndani. Wote watatu walikufa. Na meli yenyewe ilikuwa meli ya uokozi.

Zoezi lenu la miezi miwili likifika, mwambie chifu ofisa msifanyie tena kwenye deki iliyo wazi na mdoli wa magunia. Nendeni kwenye mlango wa chumba cha mnyororo. Chagueni mwanamume mnene kuliko wote, avae mtungi, kisha mpime kwa futi: yeye na mtungi wake upana gani, tundu upana gani, bila kumwingiza ndani. Andikeni kwenye rejista anapita au hapiti. Kama hapiti, amueni siku hiyohiyo, mkiwa mmesimama pale mlangoni, mtu wa ndani atavutwa kwa kamba gani, imefungwa wapi, na nani anaishika.