Injini ya dizeli inayosita na kupona: chunguza njia ya mafuta kabla ya kufungua pampu

Injini iliyokufa kabisa humrahisishia fundi kazi, kwa sababu kasoro yake ipo mbele yake na haiendi popote. Inayosumbua ni ile inayosita katikati ya safari, ikapoteza nguvu kwa muda mfupi, kisha ikarudia hali yake kana kwamba hakuna kilichotokea, na ikifikishwa gereji inanguruma vizuri siku nzima huku mwenye gari akionekana mzushi. Ninawaandikia hasa wenye Land Cruiser mkonga za zamani zenye injini ya 1HZ, yaani dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo. Ndilo gari ninalosombea ndoo za asali kutoka misitu ya kusini mwa Sikonge hadi Tabora mjini, na liliwahi kunisumbua hivyo kwa muda mrefu.

Kazi ya kwanza haihitaji spana. Kila gari linaposita, andika tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani, ulikuwa ukipanda au tambarare, barabara ilikuwa laini au ya mashimo, injini ilikuwa imepata moto au ndiyo kwanza imewashwa, na moshi ulikuwa wa rangi gani. Katika daftari langu jambo moja lilijitokeza mapema: tanki likiwa limejaa gari halikuwa na tatizo, lakini mafuta yakishuka chini ya nusu lilianza kukohoa, hasa wakati wa kupanda kutoka kwenye makorongo pua ikiwa imeinuka. (Tabora si nchi ya milima, makorongo ndiyo vilima vyetu.) Ushauri niliopewa gereji ulikuwa ule unaotolewa haraka kuliko yote: "Mzee, pampu imechoka, tuishushe ikapimwe." Sikuukubali, kwa kuwa pampu inayosukuma dizeli kwenye silinda, ikiwa imechoka, ingesumbua tanki likiwa limejaa na likiwa karibu tupu vilevile, na kuishusha ni gharama isiyostahili kulipwa kwa kukisia.

Hatua inayofuata ni kutenganisha umeme na mafuta. Watu husema dizeli ya zamani haina umeme, na kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini pampu ya 1HZ ina solenoidi ya kufungulia mafuta, yaani vali inayofunguka kwa umeme, na ikikosa umeme hata kwa nukta moja mafuta hukatika. Waya uliolegea kwenye solenoidi hiyo, au swichi ya ufunguo iliyolika, huleta mkatiko wa ghafla, mara nyingi gari linaporuka kwenye shimo. Unganisha balbu ndogo ya volti za gari lako kwenye waya wa solenoidi, uivute hadi ndani ya kebini uione ukiwa unaendesha. Balbu ikizimika pale injini inapokata, mtafute fundi umeme. Ikiendelea kuwaka, umeme wa solenoidi hauna kosa. Zaidi ya hapo, kasoro ya mafuta kwa kawaida haikati ghafla, bali nguvu hupungua polepole, injini ikatetema, kisha ikarudi polepole vilevile.

Hapo ndipo penye siri ambayo hata mafundi wazuri huipita. Katika injini hii mafuta hayasukumwi kutoka kwenye tanki. Pampu yenyewe ndiyo inayoyavuta kupitia filta, kama mtu anyonyaye soda kwa mrija. Kwa hiyo tundu dogo kwenye njia hiyo linaweza lisidondoshe dizeli chini hata tone, bali likaingiza hewa. Ukilala chini ya gari kutafuta mahali panapovuja, utaamka na vumbi mgongoni tu. Na kadiri mafuta yanavyopungua tankini, au pua ya gari inavyoinuka juu ya tanki lililo nyuma, ndivyo pampu inavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na ndivyo hewa inavyozidi kupenya.

Ili kuithibitisha, funga kipande cha mpira mwangavu unaostahimili dizeli kati ya filta na pampu, mbali na eksozi, kisha uangalie. Viputo vichache mara baada ya kuwasha si hoja, lakini msururu usiokoma wakati injini imepata moto ni ushahidi tosha. Baada ya hapo ipe injini mafuta safi kutoka kwenye kidumu kilichofungwa imara, mpira wake ukiungwa mahali mafuta yanapoingilia filta, mpira wa kurudisha mafuta nao ukiingia humo humo. Kidumu kisiwe juu kuliko pampu, maana mafuta yakishuka kwa uzito wake yenyewe, upenyo ulio kwenye kichwa cha filta utajificha. Gari likienda vizuri kwa kidumu, kasoro iko kati ya filta na tanki.

Kwangu ilikuwa huko. Tuliliziba bomba la chuma upande mmoja, tukapuliza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli kutoka upande wa pili, na tukapaka povu la sabuni kila mahali. Povu lilichemka chini ya kishikio kinacholibana bomba kwenye chasisi, mahali ambapo tope la masika hukaa mwaka mzima. Kutu ilikuwa imelila bomba hadi kuacha tundu lisilopitisha hata ncha ya sindano, na alama pekee ya nje ilikuwa vumbi lililokolea rangi kidogo.

Kabla ya kulaumu bomba, maliza pia mambo mepesi: fungua koki ya chini ya filta utoe maji, hasa kama ulinunua dizeli ya madumu njiani, na legeza mfuniko wa tanki gari linaposita, kwani kipumulio kilichoziba huzuia mafuta kutoka. Nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zije baadaye, na pampu iwe ya mwisho kabisa.

Unapotengeneza, usiunge mpira wa maji katikati ya bomba, kwa sababu dizeli huulainisha na kuuvimbisha. Weka bomba jipya, mpira wa dizeli, klipu mpya na washa (pete) mpya za shaba kwenye viungio, kisha piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Ikiwa asubuhi yake utaikuta imelegea tena, bado kuna upenyo, na wa kwanza kushukiwa ni pampu hiyo ya mkono yenyewe.