Barua kwa mwanangu: Kumwombea muuaji

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hatujambo sote, joto tu ndilo limetushika shingo, na baba yako ameacha usingizi wake wa mchana, sasa anazunguka jikoni kuuliza kitapikwa nini.

Sauti uliyonitumia usiku wa manane niliisikiliza baada ya Alfajiri. Umemaliza Rebecca, riwaya ya Daphne du Maurier uliyoichukua kabatini kwangu bila ruhusa, na unauliza: "Mama, huyu Maxim kamuua mkewe kwa bastola, nami nimekesha nikiomba asikamatwe. Nina kasoro gani?" Huna kasoro. Umetegwa, nami nilinasa pale pale.

Babu yako alinilea kwa vitabu vya Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, cha 1960, kuna maiti, kuna Bwana Msa mpelelezi na kiko chake, na msomaji ana haja moja: muuaji ajulikane. Ndiyo sababu Rebecca ilinivuruga. Ni ya 1938, lakini hadi leo sijasoma riwaya ya taharuki iliyonichezea akili hivyo. Muuaji unamjua kitabu hakijesha, kisha unaanza kumfichia siri.

Tazama mtego wenyewe. Bibi harusi, mke wa pili wa Maxim, ndiye anayesimulia tangu mwanzo, "mimi, mimi", na jina lake hatuambiwi hata mara moja. Marehemu Rebecca, mke wa kwanza, ambaye hatumwoni hata akinywa maji, ndiye mwenye jina, tena liko juu ya jalada. Herufi R imetariziwa kwenye hanchifu (hanchifu, si leso zetu hizi za kujifunga), vyumba vya Manderley, jumba la Maxim, bado vina mpangilio wake, na yule Mrs Danvers, msimamizi wa nyumba, anaitunza nguo ya kulalia ya bibi yake kama kwamba mwenyewe atarudi jioni. Sisi tumefungiwa ndani ya kichwa cha msichana mwenye wivu na haya. Anachokihofia yeye ndicho tunachokihofia, na hofu yake kubwa ni kuwa mume bado anampenda wa kwanza.

Basi Maxim anapokiri kwamba alimpiga Rebecca risasi, msichana yule hasikii "niliua". Anasikia "sikumpenda". Moyo unamtua. Nawe uliyekuwa kifuani mwake siku zote hizo, wako ukatua pamoja na wake.

Filamu ya Hitchcock ya 1940 iliogopa hapo. Kanuni za sinema za Marekani wakati ule hazikukubali mume aue mkewe kisha aachwe hivi hivi, wakafanya Rebecca aanguke mwenyewe na kugonga kichwa. Tuzo ya Oscar ya filamu bora waliichukua, lakini kwangu mimi ni chai iliyosahauliwa majani. Mwanamke anayefurahi kwamba mumewe hana hatia ana ajabu gani?

Sisemi kitabu hakina ila. Kule Monte Carlo mwanzoni nilikuwa nikisinzia. Na habari ya saratani ya Rebecca, inayofichuliwa kwa daktari wa London ili ionekane alijiua mwenyewe, imekaa tayari mno: Maxim alihitaji mlango wa kutokea, mwandishi akamchongea. Lakini wivu haukuchongwa. Du Maurier alianza kuiandika akiwa Alexandria, Misri, ambako mumewe mwanajeshi alipelekwa, na mume huyo aliwahi kuchumbia mwanamke mwingine kabla yake. Nadhani kuna mambo huwezi kuyajua kwa kuambiwa.

Mimi niliyajua humu humu. Wajua niliolewa na baba yako akiwa mgane. Yule unayemwita Mama Mkubwa, wa pichani, Mungu amrehemu, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Nikakuta kasha lake, vikombe vyake, na mawifi zangu, shangazi zako hao hao unaowapenda. Hawakunitukana hata siku moja. Nikiweka pilau, mmoja ataonja, atanyamaza, kisha atasema polepole, "Marehemu alikuwa akizidisha iliki." Nikazidisha iliki. Nikatembea polepole, kwa sababu niliambiwa alikuwa akitembea polepole. Kitabu hiki nilikuwa nikikisoma kwenye feri ya Likoni, asubuhi nikienda kufunza na jioni nikirudi, na jioni sikutaka feri ifike.

Usiku mmoja nikajipa moyo, nikamuuliza baba yako, marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akafikiri weee, mimi roho juu. Kisha akasema, "Alikuwa akikoroma. Mpaka jirani akilalamika."

Mwanangu, nilifurahi. Nilifurahi vibaya, niligeukia ukutani nikatabasamu gizani kama mwizi. Maiti ya watu, iko kaburini, nami nafurahia kukoroma kwake. Asubuhi yake nikapika pilau kwa iliki yangu, wifi akaonja, akanyamaza, nami nikamwongeza mchuzi.

Kwa hiyo niliposhika kitabu tena na kufika pale Maxim anapokiri, sikushangaa kabisa kwa nini msichana yule hakukimbia.

Kitabu nirudishie Idi, na usikunje kurasa. Hilo la kukoroma usimtajie baba yako. Yeye mwenyewe sasa ndiye anayelalamikiwa na jirani.

Mamako